Achari ya matango yangu inalegea kila mara, nakosea wapi?

mama_wawili_likoni

Asalaam aleikum jamaa zangu, na hamjambo nyote. Nina swali la jikoni na naomba mnijibu kama mnavyomjibu ndugu yenu, maana limeninyima raha.

Achari ya embe naijua, ya ndimu naijua, hizo nimelelewa nazo. Inayonishinda ni ya matango, ile ya kwenye siki, ambayo mtu akiitafuna inalia kacha na uchachu unamrukia mdomoni. Niliila mara ya kwanza kwenye harusi moja Tudor, hapa Mombasa, imepangwa pembeni ya biriani, na mwanangu mdogo akamaliza kisahani kizima peke yake. Siku hiyo hiyo nikawaahidi watoto kwamba nitawafanyia. Nimejaribu mara tatu sasa, na mara zote tatu yamenilegea.

Nieleze nilivyofanya safari ya mwisho ili muone kosa liko wapi. Ijumaa asubuhi nilikwenda soko la Kongowea nikanunua kilo tatu, matango marefu, ya kijani, yanang'aa. Nikayatia kwenye kiroba, nikapanda matatu hadi mjini, nikavuka feri, na mpaka nafika nyumbani jua lilikuwa limeshakuwa kali. Siku hiyo nilikuwa na wageni, basi kiroba kikakaa chini ya meza ya jikoni hadi Jumapili. Jumapili nikayaosha, nikayakata duara duara, nikachemsha siki na maji na chumvi ya kawaida ya pakiti, nikayatumbukiza humo na kuyaacha yatokote kama dakika kumi ili siki iingie vizuri. Nikaongeza shabu kidogo kwa sababu muuza viungo aliniambia inakaza. Nikajaza chupa sita, nikafunga.

Siku ya nne nikafungua. Nilipochoma kipande kwa uma, uma ulipita kama unachoma papai lililoiva. Nikakiinua, kikaning'inia pande zote mbili kama kitambaa kilichorowa. Penye mbegu palikuwa pamebaki ute, na ganda limeanza kuachana na nyama yake. Maji nayo yamefanya wingu. Ladha ilikuwepo, uchachu upo, chumvi ipo, lakini kacha hakuna. Chupa zote sita nilimwaga, na siki siku hizi si kitu cha kumwaga.

Ni tango, ni siki, au ni joto letu hili? Nisaidieni tafadhali. Wanangu bado wananiuliza.

---

kijana_wa_bamburi

Pole dada. Dawa yake ni chokaa ya tambuu. Koroga kwenye maji, loweka matango usiku kucha, asubuhi tia siki. Yanakuwa magumu kama kokoto. Jirani yetu alikuwa akifanya hivyo kwa mapapai mabichi.

---

bi_kibokoni

Wa aleikum salaam mwanangu. Soma pole pole, nitaandika kwa urefu kwa sababu umeeleza vizuri na makosa yako yote nimeyaona.

Kwanza nimsimamishe kijana wetu wa Bamburi, kwa wema. Ni kweli chokaa inakaza tango. Lakini chokaa na siki ni maadui: chokaa inaua ukali wa siki, na ukali wa siki ndio unaozuia vijidudu vya sumu visimee ndani ya chupa iliyofungwa. Anayetumia chokaa lazima iwe ile ya chakula, na baada ya hapo ayasuuze matango na kuyaloweka saa nzima kwenye maji safi, ayamwage, arudie mara ya pili na ya tatu. Ile ya kikopo cha tambuu hujui imechanganywa na nini. Mwanangu, una watoto wadogo. Achana nayo kabisa, huihitaji.

Na shabu pia huihitaji. Muuza viungo hakukudanganya kwa makusudi, ni imani ya zamani, lakini katika achari ya siki kama hii yako shabu haikazi kitu.

Sasa nikwambie jambo ambalo ningetaka ulishike kuliko yote: tango lako lilikufa kabla halijaiona siki. Lilikufa ndani ya kiroba. Tango ni maji karibu yote, na tangu linapokatwa shambani linaanza kuyapoteza, na nyama yake inaanza kujila yenyewe. Kwa joto la hapa, siku mbili chini ya meza ni nyingi mno. Siki haiwezi kulirudishia tango ukakamavu ambao halina tena. Inachofanya ni kuutunza ule lililokuja nao. Kwa hivyo siku ya achari ni siku ya kwenda sokoni. Ukiwa na wageni, usinunue.

Nenda alfajiri, malori yanaposhusha. Usiulize "haya ni mazuri?", hakuna muuzaji atakayekwambia mabaya. Uliza "haya ya leo ama ya jana?", kisha ushike mwenyewe. Lishike tango kwenye ncha zake mbili kwa vidole, ubonyeze. Ncha ndizo zinazolegea kwanza. Likikubali kidole hata kidogo, lirudishe. Chagua madogo, yasiyozidi urefu wa kiganja chako na unene wa vidole viwili au vitatu. Hayo marefu mazuri uliyonunua ni ya saladi, yana mbegu kubwa na ute mwingi katikati, na ndio huo ulioukuta kwenye chupa. Madogo kule Kongowea mara nyingi yamewekwa pembeni kwa sababu wanunuzi wengi wanataka makubwa. Mimi nina mama mmoja ambaye ameshanijua, ananiwekea yale ambayo wengine wameyakataa, na ananipunguzia bei. Tafuta wako. Ukikosa madogo siku hiyo, chukua ya wastani, yapasue kwa urefu, komba mbegu zote kwa kijiko, ukate vijiti.

Umesema yalikuwa yanang'aa. Mengine, hasa ya madukani, hupakwa nta ili yasikauke. Kwaruza kwa ukucha, ukiona kitu kama mshumaa kimebaki kwenye ukucha, hilo si la achari. Nta haipitishi siki.

Nyumbani, kabla ya yote, osha vizuri kwa kusugua. Kisha kuna kazi moja ambayo wengi hawaijui, na mimi mwenyewe nilifunga achari miaka kadhaa bila kuijua. Tango lina ncha mbili. Moja ina kikonyo, pale liliposhikana na mmea. Ya pili ina kovu dogo la duara, kavu, lina rangi ya udongo, kama kitovu cha mtoto. Hapo ndipo lilipokuwa ua. Ua hilo linaacha nyuma vimeng'enya, na kazi ya vimeng'enya hivyo ni kuyeyusha ile gundi inayozishika kuta za tango pamoja. Vikiingia kwenye chupa vinaendelea na kazi yao pole pole hadi tango zima liwe bwete. Kata ncha hiyo. Si lazima ukate nyingi, milimita mbili au tatu zinatosha, lakini kata kwa kila tango, na usiliache hata moja, maana moja lililosahaulika lipo kwenye maji yale yale na wenzake. Ukishindwa kujua ncha ipi ni ipi, kata zote mbili.

Halafu barafu. Nunua zile barafu za pakiti kwa jirani mwenye friza, tatu au nne, zivunje. Panga matango kwenye beseni, nyunyiza chumvi, weka barafu juu, nyunyiza tena, funika kwa kitambaa, acha saa tatu au nne. Utakuta maji yamejaa chini ya beseni. Hayo ni maji ya tango lenyewe, chumvi imeyavuta, na mahali yalipokuwa ndipo siki itakapoingia. Barafu kazi yake ni kulifanya tango lisilegee wakati chumvi inavuta. Yamwage, suuza haraka kwa maji baridi, kausha kwa kitambaa safi.

Chumvi iwe ya mawe, ile ya punje kubwa inayotoka kwenye mashamba ya chumvi ya huko Gongoni na Marereni. Ile laini ya pakiti ina unga wa kuizuia isigande, na unga huo ndio uliokufanyia wingu kwenye maji. Wingu la namna hiyo si sumu, lakini linaficha: achari ikiharibika kweli hutajua.

Sasa siki. Kwa kilo moja ya matango mimi natumia siki nyeupe nusu lita na maji nusu lita, chumvi ya mawe gramu 35 hivi (pima kwa mizani, kijiko kinadanganya kwa chumvi ya mawe), sukari kijiko kimoja cha chakula. Soma karatasi ya chupa ya siki, itafute iliyoandikwa asilimia 5. Usiongeze maji kupita siki, hata kama uchachu ni mkali kwako. Ukitaka kupunguza ukali ongeza sukari. Viungo ni hiari yako: mimi natia haradali nzima, pilipili manga punje kumi, kitunguu thaumu, pilipili mbuzi moja iliyotobolewa, na mbegu za shibiti nikizipata Marikiti.

Na hapa ndipo kosa lako la pili kubwa. Usichemshe matango. Kamwe. Dakika kumi za kutokota ni kupika mchuzi. Chemsha siki, maji, chumvi na viungo peke yake, kwenye sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli. Sufuria zetu za alumini zinaliwa na siki na achari inapata ladha ya bati. Ipua, iache ipoe kabisa. Panga matango kwenye chupa ya kioo uliyoichemsha, yabane yasielee, kisha mimina siki iliyopoa hadi iyafunike yote. Tia kwenye friji. Siku ya tatu onja.

Achari hii ni ya friji. Haikai juu ya kabati. Ndani ya friji inakaa mwezi mmoja hadi miwili ikiwa unatumia uma safi na hutii vidole.

---

mpishi_wa_zamani

Bi Kibokoni amemaliza, mimi naongeza njia ya pili tu. Nilifanya kazi jikoni hotelini, pwani ya kusini, na wageni wa Ulaya mashariki walikuwa wakitaka matango yaliyochacha yenyewe kwa maji ya chumvi, bila siki hata tone. Ladha yake ni nyingine kabisa, ina kina.

Maji lita moja, chumvi ya mawe gramu 50. Matango madogo mazima, ncha ya ua imekatwa, thaumu, pilipili. Yazamishe yote, weka kisosi juu na chupa ndogo ya maji iyakandamize, kwa sababu linalochungulia nje ya maji linaota ukungu. Usifunge kwa nguvu, kuna hewa inayotaka kutoka.

Tatizo ni hali yetu ya hewa. Vitabu vya wenzetu vinasema wiki tatu hadi nne, lakini wanazungumzia chumba cha nyuzi 21 hadi 24. Ikipita nyuzi 27 matango yanalainika, na Mombasa wakati wa kaskazi joto hupita hapo kirahisi. Kwa hivyo mimi nilikuwa naifanya zaidi wakati wa kusi, Juni hadi Agosti, ndoo iko sakafuni kwenye kona yenye kivuli, imesimama ndani ya karai la maji, na nilikuwa sisubiri wiki. Siku ya tatu naonja. Uchachu ukishaingia, yote friji, yamalizie humo pole pole.

Wazungu hutia majani ya mzabibu ili lisilegee. Mimi nilitia majani mawili ya mpera, kwa kuwa mpera tulikuwa nao nyuma ya jiko. Ni ule ukakasi wa majani unaosaidia, tanini. Lakini usije ukategemea jani ukaacha kukata ile ncha ya ua. Ncha ndiyo kazi, jani ni nyongeza.

Utando mweupe mwembamba juu ya maji utoe kwa kijiko. Tango likiwa na utelezi ukilishika, au harufu imegeuka, mwaga yote bila kuonja.

---

mama_wawili_likoni

Bi mkubwa, Mungu akuweke. Nimesoma mara mbili na kalamu mkononi. Hicho kitovu sikuwahi kukisikia maisha yangu! Nimeenda jikoni nikachukua tango moja lililobaki nikaliangalia, na kweli kipo.

Swali moja. Nilikuwa na nia, yakikubali, nifunge chupa kumi nimpelekee mwenye duka hapa mtaani. Lakini duka lake halina friji, na stima yetu huku inapotea. Nifanyeje ikae nje?

---

bi_kibokoni

Kwa hiyo usikimbilie, mwanangu. Achari ya kukaa nje ni lazima chupa zipikwe zikiwa zimefungwa, kwa vifuniko vipya vinavyobana, na kwa mapishi yaliyopimwa uchachu wake. Ukizichemsha kwa maji yanayotokota, kacha inapungua. Wanaojua huziweka kwenye maji ya nyuzi 82 hadi 85 kwa dakika 30, hayapandi wala hayashuki, na hilo huliwezi bila kipimajoto. Na kuuza dukani kunataka alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na watu wa afya wa kaunti waone jiko lako.

Mimi nauza kwa oda tu. Mtu ananiambia ana shughuli Jumamosi, nafunga Jumanne, anakuja na kikapu chake Ijumaa anachukua ikiwa baridi, na namwambia aitie kwenye friji. Anza hivyo. Stima ikipotea saa chache usiifungue friji, haitaharibika. Kwanza wape watoto wako, walioahidiwa ni wao.

---

kijana_wa_bamburi

Bi, nimekubali kuhusu chokaa, sikujua hilo la kuua siki. Nitamwambia na jirani.

---

mama_wawili_likoni

Narudi na habari, siku kumi na moja baadaye.

Jumanne nilikuwa Kongowea kabla jua halijachomoza. Nilibonyeza ncha za matango hadi muuzaji akaniuliza kama natafuta kitu kilichopotea. Nikapata kilo mbili madogo, nikayafunga kwenye leso iliyorowa, na kwenye feri nilisimama upande wa kivuli nimeyakumbatia. Saa tatu asubuhi yalikuwa kwenye barafu. Binti yangu mkubwa ndiye aliyekata vitovu, na kila kimoja alikihesabu: arubaini na tatu. Siki niliipoza mpaka sufuria yenyewe ikawa baridi mkononi. Ilinigharimu subira kwa sababu mkono ulikuwa unataka kumimina.

Ijumaa baada ya chakula cha mchana nikafungua chupa ya kwanza. Nililitoa moja zima. Rangi imetoka kwenye kijani cha jani ikawa ya zeituni, na nilipolikunja kwa vidole halikukunjika, lilikatika. Lilikatika kwa mlio! Mwanangu mdogo alikuwa chumba cha pili akaja mbio kuuliza nimevunja nini. Ndani nyama ni nyeupe, imebana, na mbegu zimekaa mahali pake. Tumekula na samaki wa kukaanga na wali wa nazi. Chupa moja ilikwisha hapo hapo.

Ila kuna jambo limenitia wasiwasi. Punje za kitunguu thaumu zimegeuka rangi. Zilikuwa nyeupe, sasa mbili zina kijani na moja ina buluu kabisa. Zimeoza? Nimezuia watoto kuigusa chupa ya pili hadi unijibu.

---

bi_kibokoni

Maashallah, hongera mwanangu, na mpe hongera zangu huyo binti aliyehesabu.

Usiogope. Thaumu ikikutana na siki inaweza kugeuka buluu au kijani, hasa ikiwa changa. Ni kitu kilichomo ndani ya thaumu yenyewe kinachobadilika kwa uchachu, hakina madhara na hakibadilishi ladha. Ikikukera macho, safari ijayo itumbukize thaumu kwenye maji yanayochemka dakika moja kabla ya kuitia chupani.

Wape watoto chupa yao.